Jicho Lililopinda Mbao

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa bodi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliojinyima ili siku hii ifike, na ninyi wahitimu wa useremala, ambao leo viatu vyenu vinang'aa kuliko meza zenu zote za mwaka wa kwanza: nawasalimu kwa heshima.

Nimepewa dakika chache, na mkuu wa chuo ananijua, ndiyo maana amekaa karibu na kipaza sauti. Sitawasimulia faida za ufundi. Kila aliyeketi kwenye kiti bila kuanguka anazijua. Nataka kuwaeleza wazazi kwa nini najivunia darasa hili kuliko yote niliyowahi kufundisha.

Mwaka jana retina ya jicho langu la kulia, ile ngozi nyembamba ya ndani inayopokea picha, ilibanduka. Jicho la kulia, mheshimiwa. Seremala hupima unyoofu wa ubao kwa kufumba jicho moja na kuuchungulia kwa jingine, toka ncha hii mpaka ile, na mimi maisha yangu yote nimechungulia kwa hilo. Daktari aliirudisha retina mahali pake, akaweka kiputo cha gesi cha kuikandamiza, nami nikaamriwa kulala kifudifudi. Mke wangu, yule pale mstari wa mbele, anasema hizo ndizo siku pekee alizozungumza nami bila mimi kumkodolea macho. Kisha presha ya jicho ikapanda, likauma hadi nikalia kama mtoto. Presha iliposhuka, kovu likaivuta retina ikabanduka tena. Nikapasuliwa mara ya pili, na safari hii wakajaza mafuta maalumu mahali pa gesi. Niliogopa. Si giza lililonitisha, maana lipo jicho la pili. Niliogopa kuambiwa nikabidhi funguo za karakana.

Mafuta yalipotolewa, nikaona. Nikarudi kazini kifua mbele. Mwanafunzi wa kwanza akaniletea ubao wake, nikauchungulia: umepinda. Wa pili: umepinda. Wa tatu vilevile. Nikawafokea. Nimeugua miezi michache tu na darasa zima limeoza? Wao wakasema, "Ndiyo, mwalimu," wakarudi kupiga randa. Hebu fikirini, wazazi: watoto wenu walikuwa na mbao zilizonyooka kabisa, wakaziharibu kwa adabu. Miguu ya meza ilikonda mpaka ikafaa kuwa mipini ya mafagio.

Ndipo akaja binti tunayemwita Randa, kwa sababu chombo hicho hakimtoki mkononi.

"Samahani, mwalimu, nikagulie na hii."

Nikafumba jicho, nikachungulia. "Siku hizi hata rula za chuma zinapinda?"

Akaishikilia palepale. Ndipo nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

"Jaribu kwa jicho lingine, mwalimu," akasema taratibu.

Nikajaribu. Rula ilikuwa imenyooka.

Hakuna aliyecheka. Nikavua aproni, nikaiweka juu ya benchi, nikasema nakwenda kwa mkuu wa chuo kuomba kupumzika. Randa akaichukua, akanifunga mwenyewe kiunoni.

"Kilichopasuliwa ni jicho, mwalimu. Mikono bado tunaihitaji."

Daktari alithibitisha: retina imeshika, lakini imeshika na mkunjo, na mkunjo huo huenda usinyooke kamwe. Basi tukabadilisha kazi. Mimi nikapapasa kwa vidole, wao wakachungulia, na nikisema ubao umepinda, wananiuliza, "Kwa jicho lipi?" Mheshimiwa, darasa hili limenibishia kuanzia asubuhi mpaka kengele ya jioni. Wenzangu wanaodai kwamba vijana wa leo hawana heshima, nawauliza: ni heshima ipi inayozidi kumwambia mwalimu wako ukweli, kisha ukamfungia aproni yake? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakutuambia kwamba hata kambare mzee kama mimi anakunjika.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya kupachika milango ya maktaba mpya, kazi yao ya mtihani. Nilifika mapema, vidole tayari, nikakuta milango imeshapachikwa. Hakuna aliyenisubiri. Nikafungua mmoja, ukafunguka bila kulia. Nikaufunga, ukaingia kwenye fremu yake bila kusukumwa.

"Nani amewakagulia?" nikauliza.

Wakatazamana. "Sisi wenyewe, mwalimu."

Nilitoka nje, nikalia kwa macho yote mawili, na hapo hayakubishana. Mheshimiwa mgeni rasmi, utakapowakabidhi vyeti vyao, jua kwamba hawa hawanihitaji tena. Hilo ndilo nililolifanyia kazi miaka yangu yote, na leo nimeliona.

Nawashukuru wote. Asanteni kwa kunitegea sikio.