Katibu wa Tiketi za Ugenini: Maisha ya Laban Maundu

Wapendwa waombolezaji, kabla dada yake Wayua hajaifungua karatasi hii, kila aliye chini ya hema aape kwamba yatakayosomwa hayatavuka ua huu, maana Wayua mwenyewe alimwapia marehemu mwaka 2003 kwamba hatayasema, na amejitahidi sana, mpaka leo asubuhi.

Marehemu Laban Maundu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Mumbuni, mtoto wa tatu wa Mama Katunge, akasoma shule ya misheni kuanzia 1947, akaachia darasa la sita mwaka 1952 kwa kukosa karo, ingawa yeye alipenda kusema ni hesabu ndizo zilizomwacha. Mwaka 1959 aliajiriwa katika kiwanda cha saruji Athi River, akapima mifuko miaka thelathini na minne, na hakuna mfuko uliotoka mikononi mwake ukiwa mwepesi. Tarehe 7 Desemba 1963 alifunga ndoa na Mutanu, baada ya kumzungusha miaka miwili kwa sababu ambazo wazee wa hapa wanazijua na wanasubiri tu kuulizwa, wakabarikiwa watoto watatu, Nthenya, Mwikali na Musembi.

Alipostaafu 1993, mashabiki wa timu hapa mjini walimchagua katibu wa tawi, wakamwachia kazi iliyokuwa ikiwagombanisha, kugawa tiketi za mechi za ugenini, kwa kuwa klabu ilileta kumi na mbili tu na wao walikuwa zaidi ya arobaini. Marehemu alileta kibuyu cha mama yake, kitete cha mdomo mpana, akatia maharagwe, meupe kumi na mawili na mengine mekundu, kila mtu akaingiza mkono bila kuchungulia, mwenye duka sawa na mchimba mawe, na anayechomoa jeupe ndiye anayesafiri. Ili asisemwe, aliweka sheria kwamba mshika kitete akunje mikono ya shati na ageuze mifuko yake nje.

Mwaka 2005 alianza kuugua figo, akalazwa mara nne, na rafiki yake Kasyoki, mchimba mawe wa Mlolongo aliyepofuka mwishoni mwa 2003, alikuwa akishikwa mkono na kuletwa kitandani, akamsimulia tena mechi ya Mombasa, ya mwisho aliyoiona kwa macho yake, jinsi kipa alivyoruka na nyasi zilivyokuwa kijani, na marehemu akasikiliza kama mtu ambaye hajawahi kuisikia. Alituaga alfajiri ya tarehe 2 Februari 2007, Mutanu akiwa amemshika miguu, maana alilalamika baridi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa kuni na uji, na wenzake wa kiwandani. Zaidi inawashukuru wenzake wa tawi, kwa ajili ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2003.

Siku hiyo tiketi za Mombasa ndizo zilizokuwa zikigawiwa, Kasyoki alikuwa amechomoa jekundu miaka mitano mfululizo, daktari alikuwa amempa miezi tu ya kuona, na marehemu alisimama mbele ya ukumbi, mikono imekunjwa, mifuko inaning'inia nje, hana kitu. Mwenyekiti, Mama Wacera muuza nafaka, ambaye hafungui mkutano bila sala, akasema, "Katibu, leo tuombee wewe."

Marehemu akatikisa kichwa, akaonyesha koo. Kibe mwenye duka akamnong'oneza jirani, kwa ule mnong'ono wake unaofika barabarani, kwamba mzee wa kanisa amekataa kuomba, na hilo marehemu hakuweza kulivumilia, akainamisha kichwa, akafungua kinywa, akasema "Baba yetu", na haragwe jeupe likatoka chini ya ulimi, likadunda mezani mbele ya watu arobaini na mmoja, na macho yote yakafumbuka.

"Hili ni la nani, mzee?" akauliza Wacera.

"Ni la Kasyoki," akasema marehemu, naye hakuinua uso.

Kibe ndiye aliyeinuka, akalifuta kwa leso yake, akalitia kiganjani mwa Kasyoki, akaagiza wengine wachomoe kutafuta meupe kumi na moja yaliyobaki.

Pumzika kwa amani, kakangu, umechoka.