Akka Tikiri Anatuachia Kiwanja

Miaka thelathini na sita si mchezo. Bi. Tikiri Menike Herath aliajiriwa kufagia barabara za jiji letu la Kandy, Sri Lanka, mwezi Mei 1988, na tarehe 31 Mei 2024 anastaafu akiwa msimamizi wa zamu ya asubuhi, mwanamke wa kwanza katika idara yetu ya usafi kuwapangia kazi hata madereva wa malori. Sisi wote humwita Akka, yaani dada mkubwa, na mhandisi wa idara naye humwita hivyohivyo akisahau cheo chake.

Timu yetu ya netiboli aliianzisha yeye mwaka 1993, nyuma ya karakana, kwa goli la ndoo iliyotobolewa kitako. Madereva walikuwa wakipita na kuuliza kama mafagio yametushinda mpaka tumeamua kufagia mawingu. Akka aliwajibu kwamba mawingu angalau hayatemi mate ya tambuu barabarani. Tangu hapo timu imechukua kombe la idara za jiji mara saba, na wachezaji wetu wawili wameitwa timu ya taifa. Wote wawili walianza na fagio.

Aliyejifungua hakuachwa nyuma. Mimi nilirudi mazoezini binti yangu akiwa na miezi minne, na Akka alimbeba kiunoni huku anapuliza filimbi. Mtoto akazoea. Hadi leo filimbi ikilia yeye ndiyo kwanza anasinzia.

Mwaka jana tulikaribia kupoteza kila kitu. Mhandisi wetu, Bwana Wijekoon, alileta ramani: kiwanja chetu kichimbwe, kiwe maegesho ya malori. Kazi ianze kesho yake, na baraza la madiwani lingepewa taarifa baadaye. Akka hakubisha. Aliuliza kwa upole saa ya heri ya kukata udongo imepangwa lini.

Bwana Wijekoon alikuwa amesahau kuuliza. Mtu ambaye hata mlango wa nyumba yake hakuusimamisha bila mnajimu, angethubutuje kuchimba? Akaenda. Mnajimu akatazama nyota, akasema hakuna saa njema mpaka siku ya kumi na mbili. Madereva wanadai Akka alitangulia huko na kichane cha ndizi. Tulipomuuliza, alisema, “Nilikwenda kumsalimia tu. Ndizi alikula kwa hiari yake.”

Siku hizo kumi na mbili hatukulala vizuri. Akka alipita sokoni, kwa washonaji na kwenye shule za wasichana, akakusanya saini elfu moja mia tatu. Siku ya kumi na moja akaingia katika kikao cha baraza na sare yake ya kazi, mfagiaji wa kwanza kuzungumza mle ndani. Diwani mmoja akamuuliza kama anafahamu kwamba malori hayana pa kulala.

Akka akasema, “Mheshimiwa, lori likikosa mahali, litalala barabarani na asubuhi litawaka. Mwanamke akikosa mahali, anarudi jikoni na humwoni tena. Hawa nimewatoa jikoni kwa miaka thelathini. Msinirudishie.”

Kura zikapigwa: kumi na nne kwa sita, kiwanja kibaki. Mfungaji wetu alikaa chini kwenye ngazi za baraza, akawa analia na kucheka pamoja. Malori yalipatiwa uwanja nyuma ya ghala la zamani. Na Bwana Wijekoon, tumshukuru, alikuja mwenyewe na kamba na chokaa akatuchorea mistari mipya, tena iliyonyooka kuliko ya kwanza.

Wiki iliyopita barua ya baraza ilifika: kiwanja kimeandikwa rasmi kuwa cha michezo ya wanawake, hata baada ya Akka kuondoka. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akashusha pumzi ndefu, akasema sasa anaweza kwenda.

Basi nenda, Akka, kwa moyo mweupe. Asante kwa kila alfajiri. Kesho lala mpaka jua likuamshe lenyewe, unywe chai yako ikiwa bado ya moto. Uishi miaka mingi yenye afya na wajukuu wasumbufu. Jumatano saa kumi jioni sisi tutakuwa kiwanjani.

Nadeesha Kumari, zamu ya asubuhi