Eksi ya Mamba, Kha ya Bendera

Mheshimiwa Diwani; Mwalimu Mkuu; Mchungaji na Shehe wetu, mliokaa meza moja; ndugu wazazi; nanyi wanafunzi mnaonong'ona kwamba nifupishe: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Jina langu ni Sadock, Mpare wa Mamba, msomaji wa taarifa redioni, na sioni tangu utotoni. Hotuba yangu iko hapa chini ya vidole, kwa hiyo umeme ukikatika, mimi nitaendelea tu. Nimeombwa kumuaga Mwalimu Safia, anayeondoka katika kitengo chetu cha wanafunzi wasioona kwenda chuoni kufundisha walimu. Muda niliopewa hautoshi kumsifu, lakini unatosha kumsema.

Tulikutana tukiwa darasa la saba, hapa hapa Same, kwenye mashindano ya kusoma nukta nundu. Yeye alitoka Bendera, tambarare. Mimi niliteremka kutoka milimani. Mshindi angepewa mashine ya kuandikia nukta nundu, na kwetu hakuna aliyewahi kuigusa mashine hiyo. Safia alisoma kama maji yaliyofunguliwa kutoka ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kwenda shambani. Nikajua nina kazi.

Zamu yangu ikafika. Msimamizi, mwenye macho yake mazuri kabisa, akachomoa kijitabu kwenye boksi la vitabu vya msaada. Kwake nukta zote zilikuwa nukta. Nikaweka kidole: nukta ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya sita. Eksi! Ndugu zangu, ni neno gani la Kiswahili linaloanza na eksi? Nikafuta kidole kwenye suruali, nikarudia. Eksi ile ile, ikifuatiwa na i, kisha r.

"Soma neno, siyo herufi," akasema jaji.

"Nasoma, mzee. Limeandikwa ksiri."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Huyu hajaandaliwa," jaji akasema. "Mtoeni, aje mwingine."

Mnajua uchungu wa kutolewa jukwaani kwa kitu unachokijua? Nilikuwa nimeshaanza kupapasa ngazi niliposikia sauti ya msichana: "Samahani, wazee wangu. Anasoma sawasawa. Naomba nikishike hicho kitabu."

Alikuwa Safia. Akapitisha kidole, akacheka. "Hiki ni Kiarabu. Herufi hii kwake ni eksi. Kwa Kiarabu ni kha. Hapa pameandikwa khayr, yaani kheri."

Alifundishwa na mjomba wake, Ustaadhi Hamidu, ambaye naye haoni. Nukta ni sita tu, ndugu zangu, na lugha za dunia ni nyingi, inabidi ziazimane. Mtu yule yule nyumbani ni Baba Irine, gereji ni fundi, na kwa mama mkwe ni huyo aliyetuchukulia binti yetu.

Nikaletewa kitabu cha Kiswahili. Nikasoma, nikamshinda, na mashine ikapanda nami Mamba. Hadi leo anadai jaji alinionea huruma. Mwalimu, mbele ya Mchungaji na Shehe: si kweli!

Nje ya ukumbi nilimuuliza, "Kwa nini hukunyamaza? Mashine ilikuwa yako."

"Nilitaka nikushinde wewe," akajibu. "Kukushinda umefungwa mdomo, ningemhadithia nani?"

Sekondari tukajikuta darasa moja, akanifundisha herufi za Kiarabu. Likizo moja bibi yangu Raheli, Mlutheri wa siku nyingi, akanisikia jikoni nikijifunza: kha, kha, kha.

"Mjukuu wangu, umekwamwa na mfupa au umesilimu?"

"Hapana bibi, nasoma."

"Basi soma polepole, utatapika."

Lakini ninachomsifia Safia leo ni hiki. Mtoto wa darasani kwake akisoma jambo la ajabu, hasemi "umekosea." Anakwenda kwenye dawati lake, anaweka kidole chake kando ya kidole cha mtoto, wanasoma pamoja. Mara nyingi mtoto amekosea kweli. Mara chache, ndugu zangu, ukurasa ndio wenye habari mpya.

Mwalimu, nenda kawafundishe walimu hilo. Sisi tutakukosa, na mimi nitakosa mtu wa kubishana naye.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Sasa mpigieni makofi Mwalimu Safia, na yawe ya nguvu, kwa maana yeye tabasamu zenu hazioni.