Mama Béata, Mlinzi wa Mabwawa ya Kibati

Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, Mama Béata Kamate anastaafu tarehe 31 Desemba 2021. Muda wote huo ametunza mabwawa yetu ya kusafishia maji machafu hapa Kibati.

Alikuja kwetu mwaka 2002, baada ya volkano kufunika nyumba yake mjini Goma. Alifikia kwa dada yake akiwa na watoto wake na sufuria moja. Mradi wa mabwawa ulikuwa ukitafuta mtu, na wengi walikataa kwa ajili ya harufu. Yeye alisema amekwisha kunusa mbaya zaidi.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Maji ya vyoo na bafu za kituo cha afya na shule huingia bwawa la kwanza, tope likatulia chini. Kisha hupita polepole kwenye matete ya bwawa la pili na la tatu. Lakini ardhi yetu ni mawe ya volkano yenye nyufa. Uchafu ukimwagika hupotelea chini, na hakuna ajuaye utatokea wapi. Kwa hiyo Mama Béata hakuacha kukagua kingo na kuzibua mifereji, na kila mbuzi wa Kibati aliyewahi kuonja matete yale aliifahamu sauti yake.

Mwishoni mwa 2008, mapigano yalipotukaribia, wafanyakazi wote wa mradi tulikimbilia Goma, naye pia. Mvua ilinyesha mfululizo, na chini ya mabwawa walikuwa wamebaki wakimbizi kutoka Rutshuru katika vibanda vyao. Ukingo ungebomoka, uchafu wote ungewaingilia. Jambo hilo lilimnyima raha. Akawaacha watoto kwa shangazi yao, mtaani Katindo, akarudi kwa miguu.

Alikuta wapiganaji watatu wakichota maji ya kunywa katika bwawa la mwisho, maana huko huonekana safi. Mmoja alimwelekezea bunduki na kumwamuru aondoke.

"Mutoto yangu," Mama Béata akamjibu, "hii mayi inatoka mu choo. Ukiikunywa, itakuua mbele ya risasi kukufikia."

Kijana akamwaga kidumu chake. Mama Béata akawaonyesha tangi la mvua la shule, na wawili kati yao wakamsaidia kubeba mawe ya kuimarisha ukingo. Wa tatu aliondoka na buti za mpira za Mama Béata. Ukingo ulishika. Alitusimulia baadaye huku akicheka.

Mwezi Mei mwaka huu volkano ililipuka tena, na matetemeko yakapasua bwawa la kwanza. Wengi wetu tulikuwa tumekimbilia Sake. Yeye na fundi Émile waliziba ufa ule. Tuliporudi hatukuuliza chochote, kwa sababu hakuna aliyeugua. Kazi yake ikienda vizuri haionekani. Labda ndiyo maana tumechelewa hivi kumshukuru.

Tulipomwambia kuhusu sherehe hii ya kumuaga, aliuliza kwanza nani atabaki kwenye mabwawa. Mama Héritière, anayeshika nafasi yake, yuko huko sasa hivi, tunapokula. Basi kaa, mama, ule ushibe. Aksanti kwa kila kitu. Mungu akupe afya, maharage mengi shambani, na miaka mirefu ya amani.