Shoka Lisubiri Jina la Mdudu

Mgeni rasmi, shikamoo. Viongozi mlioongozana naye, majirani zetu wa Juani mliovuka asubuhi kuja kutusikiliza, mabibi na mabwana, asalaam aleikum na Bwana Yesu asifiwe.

KARIBU NDAGONI

Sisi wanakikundi wa Tujikwamue, wakulima wa machungwa, tunakukaribisha kwa furaha. Tunajua ratiba yako imebana. Tunajua pia kwamba baada ya risala hii utakabidhiwa shoka ili ukate mchungwa wa kwanza. Shoka lipo na limenolewa. Mchungwa wenyewe ni ule wa uani kwa Bi Shamsa, wenye alama nyekundu. Kwa hiyo tunaomba utusikilize mpaka mwisho.

TULIKOTOKA

Kikundi kilianzishwa na wanawake waliochoka kuuza machungwa mojamoja kando ya njia. Leo waume zetu nao wamo, wanabeba matenga kwa pikipiki hadi Kilindoni, na wao ndio wanaolalamika zaidi. Machungwa haya yanasomesha watoto wetu. Bahari ikichafuka, hatuna kingine cha kuuza.

TULICHOFANYA

Masika ya mwaka jana tuliona vitundu kwenye magome, vidogo kama vya pini, na unga mwembamba chini ya mashina. Matawi yakaanza kukauka kutoka nchani. Tulipobandua gome tukamkuta bungua mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele.

Mgeni rasmi, sisi ni watu wa pwani. Mzee Abeid, fundi wetu wa mashua, alisema, "Chombo kikitobolewa na wadudu tunakifanyaje? Si tunakipaka sifa? Haya, na mti ni ubao." Tulikubali wote, kwa hiyo asilaumiwe peke yake. Tukapaka mafuta hayo ya papa tangu chini ya shina mpaka kwenye matawi. Kijiji kizima kikanuka, hata mwalimu mkuu akaja kuuliza kulikoni. Aliyekataa ni Bi Shamsa tu. "Mti wa kula mnaupaka papa? Uani kwangu hapana," alisema, akafunga mlango.

Kisha tukakusanya wadudu kutoka kwenye miti ile tuliyoipaka, tukampelekea Bi Specioza, afisa ugani wetu, naye akawatuma maabara huko bara. Jibu lilirudi kwamba ni mbawakawa wa magome, lakini jenasi yake, yaani ukoo wake hasa, haikutambulika. Wadudu walikuwa wamegandana kwa mafuta. Vipapasio vimeshikamana, vinyweleo vya mgongoni havionekani, na hivyo ndivyo vinavyotazamwa ili kuijua jenasi.

CHANGAMOTO

Kwa kuwa jina halikupatikana, ikaamuliwa michungwa yote yenye matundu ikatwe kwa tahadhari. Hatuipuuzi tahadhari hiyo. Bi Specioza ametueleza kwamba wako wa namna mbili ambao kwa macho matupu hutawatofautisha. Jenasi moja huchimba mpaka ndani ya mti na kuotesha humo kuvu anayeua, na mti huo lazima ukatwe na kuchomwa moto. Nyingine hukaa chini ya gome tu, na hupenda mti uliokwisha kudhoofika. Kwa huyo inatosha kuondoa matawi makavu na kuuhudumia mti upate nguvu.

Tulipozunguka naye mashambani tuliona jambo lililotuuma. Michungwa iliyokufa ni ile tuliyoipaka sifa. Wa Bi Shamsa una matundu yaleyale, na umezaa. Bi Specioza hakutupa matumaini ya bure. "Hiyo ni dalili, si jibu," alisema. "Nileteeni mdudu msafi." Huenda miti ile tumeiua kwa mikono yetu wenyewe, na wengine wetu hatulali vizuri tukifikiri kwamba sasa iliyobaki itamaliziwa na shoka.

OMBI LETU

Leo hatuombi barabara, ingawa umeiona. Tunaomba jambo moja: shoka lisubiri mpaka jenasi ijulikane. Hicho kichupa kilicho mezani mbele yako, karibu na maji ya kunywa, kina wadudu wasafi wa mchungwa wa Bi Shamsa. Wamo ndani ya spiriti na Bi Specioza amekifunga mwenyewe. Tunakuomba ukibebe mkononi mwako mpaka maabara. Jina likirudi kuwa ni la yule muuaji, usijisumbue kuja tena. Tutakata wenyewe, na Bi Shamsa amesema wake utakuwa wa kwanza.

Chungwa lililo kwenye sahani yako limetoka kwenye mti huo. Tafadhali limenye kabla hujashika shoka.

Mwenyezi Mungu akuvushe salama, wewe na kichupa chetu.

Imesomwa na Sabra Kombo, katibu, kwa niaba ya Kikundi cha Wakulima wa Machungwa Tujikwamue, Ndagoni, Mafia.