Msiiongezee Mwendo

Sikilizeni wanangu, na safari hii nimevaa miwani, maana asubuhi nimeshatoa nusu ya wosia kwa wageni wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, nikawagawia nyumba na cherehani ya mama yenu, na yule bwana mnene akaitikia "ahsante mzee" bila hata haya. Akija kudai, mwambieni mwenye mali alikuwa haoni.

Nyumba ni yenu wote wawili. Cherehani achukue dada mtu. Vifaa vyangu vya kulehemu ni vyako, kaka mtu, pamoja na ule ugomvi wangu na baba yenu mdogo, ambao naomba uutupe, kwani hata mimi nimesahau ulianzaje. Nimechoka, wanangu. Nimezunguka nchi za watu nikitengeneza kalkuleta, mpaka nchi zenyewe zikaacha kuzitumia.

Linaloninyima usingizi ni kalkuleta ya marehemu mama yenu. Chipu yake ilipokufa sikupata nyingine duniani. Ninyi mkaipiga picha chini ya hadubini, mkafuata njia zake moja moja, mkaziandika upya ndani ya chipu ya kisasa, ile ambayo haina kazi mpaka iambiwe iwe nani. Nikajivuna kupita kiasi. Kisha wewe, kaka mtu, ukaona ya zamani ilikuwa goigoi, ukaiongezea mwendo, jibu linatoka kidole hakijainuka. Dada yako akanuna, na tangu hapo mnasalimiana kama wapangaji.

Mwanangu, ule ugoigoi haukuwa ugonjwa. Siku ya kwanza nilipoingia kwenye duka lake la ushonaji, mama yenu alikuwa anapiga hesabu ya kitambaa cha sare. Akabonyeza, taa zikapepesa zikitafuta jibu, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akainua macho akaniona. Uso huu, bila uvivu wa ile mashine, nani angeutazama? Ninyi wenyewe mmetoka humo.

Basi irudishe ilivyokuwa. Isiuzwe, isirembwe, ikae pale pale dirishani pa mama yenu. Mpendane. Mungu awape... ngojeni nivute pumzi... awape watu wa kuwasubiri. Hiyo hapo mkononi mwako, kaka mtu, ndiyo yenyewe? Hebu gawanya. Chochote tu. Mbona... mbona kimya? Imesemaje?

"Bado inafikiri, baba, kama zamani. Tulia."