Kaka Yetu Aliyewakinga Sokwe na Kikohozi

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, katika chumba cha nyuma cha duka la baba la baiskeli, akiwa kifungua mimba wa mama yetu. Mimi dada yake nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu wengine wanaogopa kulia. Mimi nina hasira, kwa hiyo nitafika mwisho.

Alihitimu chuo cha wanyamapori mwaka 1990. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kituo cha utafiti msituni, awafuate sokwe tangu wanapoamka hadi wanapojenga viota vya kulala, akiandika wanachokula na nani kamchokoza nani. Ugomvi wao wote aliujua; wa ukoo wetu hakutaka hata kuusikia. Wenzake walimwita Bwana Kimya. Jambo moja tu lilimfanya awe mkali: mwenye kikohozi haendi kwa sokwe, maana mafua ya mtu yanaweza kuwaua. Aliwahi kumrudisha profesa aliyesafiri siku mbili, kwa chafya moja.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1995. Alichelewa harusi yake kwa sababu sokwe mmoja alijifungua asubuhi hiyo. Wifi yangu alimsamehe. Mimi bado.

Mei mwaka jana alianza kukohoa. Siku hiyohiyo alijiondoa msituni, akaja nyumbani, akaketi kula nasi meza moja huku anakohoa. Hospitali hakutaka kuisikia. Mkewe alimsihi wee. Mama akamwambia sikio la kufa halisikii dawa, akajuta papo hapo.

"Angekohoa sokwe, ungeshamwita daktari," nilimwambia.

"Sokwe hawezi kujieleza, dada."

"Na wewe umewahi kujieleza lini?"

Akacheka, akakohoa, akaenda kulala.

Alikubali Oktoba, mkuu wa kituo alipomwambia kwamba bila kupimwa hatarudi kwa sokwe. Machozi ya mama yalikuwa yameshindwa. Ikakutwa ni saratani ya mapafu, ugonjwa usioambukiza mtu wala sokwe, na daktari akasema tumechelewa. Alifariki tarehe 3 Februari mwaka huu, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mama, mke, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mimi. Mabinti wameniomba niseme alikuwa baba mwema. Ni kweli, alikuwa. Tulikuwa tayari kumuuguza miaka mingi. Akatupa miezi minne.

Alale kwa amani, mkaidi wetu.